Demolition walipita watu wanne, ila bila Ax hakuna Demolition

Mkuu uliyeuliza kama Crush alikuwepo tangu mwanzo kwenye Demolition, ile timu ya mieleka ya WWF (siku hizi WWE), jibu ni hapana, na hata Smash unayemjua wewe sio wa kwanza. Mjomba wangu alikuwa anafanya kazi Muscat, kila akirudi likizo anatuletea kaseti za VHS za mieleka ya WWF, tuliziangalia mpaka picha zikaanza kuchezacheza, kwa hiyo hawa jamaa nimekua nao.

Timu ilianza 1987. Ax ni Bill Eadie, mkongwe, kabla ya hapo alikuwa anapigana kavaa kinyago akiitwa Masked Superstar. Smash wa kwanza alikuwa Randy Colley, sasa huyu watu walishamzoea kama Moondog Rex, wakampaka rangi usoni lakini wapi, mashabiki wanamjua tu wanampigia kelele "Moondog", haikuchukua muda akatolewa akaletwa Barry Darsow, ambaye huko alikotoka alikuwa anaigiza Mrusi. Hapo ndio timu ikakaa sawa. Smash anamlaza mtu chali kwenye goti, Ax anapanda kamba ya pili anamshukia na kiwiko, refa kazi yake kuhesabu tu.

Machi 1988 kwenye WrestleMania IV, onyesho kubwa la WWF la kila mwaka, wakawapokonya mkanda wa ubingwa wa timu Tito Santana na Rick Martel, fimbo ya Mr. Fuji, meneja wa Demolition, ikapita refa akiwa haoni, wakakaa nao siku 478. Rekodi hiyo haikuguswa mpaka Desemba 2016, timu ya New Day walipoipita, na New Day walikuwa watatu wanaopokezana (Kofi Kingston wa Ghana yumo, nampenda sana), ila zile 478 ni za watu wawili walewale mwanzo mwisho. Kwangu hilo lina uzito.

Crush, yaani Brian Adams, kaja 1990 baada ya kina Ax kuchukua mkanda mara ya tatu, WrestleMania VI, toka kwa Andre the Giant na Haku. Kijana mrefu, ana nguvu, sina ubaya naye, lakini tangu aje mchezo ukawa wa kubadilishana. Onyesho la SummerSlam mwaka huohuo na timu ya Hart Foundation, mshindi ni wa raundi mbili kati ya tatu, wameanza Smash na Crush halafu Ax anatokea chini ya ulingo kumpokea mwenzake, na zile rangi za usoni refa atamtofautisha nani na nani, timu nyingine, Legion of Doom, wakaja wakauharibu mpango mzima na mkanda ukaondoka.

Onyesho la Survivor Series la Novemba ndio ya mwisho tuliyomuona Ax nao. WrestleMania VII, Machi 1991, Smash na Crush walipigwa na Wajapani wawili, Tenryu na Kitao, dakika chache tu imeisha. Kaka yangu akairudisha kaseti nyuma mara mbili, akidhani tumeruka pale Ax anapoingia.