Usiandike kwamba Barstow alishinda Wisconsin mwaka 1855

Ndugu, futa mstari huo kabla hujaikabidhi makala yako. Umeuliza kama ni sahihi kuandika kwamba William Barstow alishinda ugavana wa Wisconsin, jimbo la Marekani, mwaka 1855 kwa kura 157. Nami niliandika vivyo hivyo, kwa kumsadiki mhariri aliyeniapia kwamba tangazo la bodi ya kujumlisha kura ndilo neno la mwisho. Wasomaji waliponishukia, yeye akageuka bubu. Najitetea kwamba hata Barstow aliiamini hesabu ile, au walau alijifanya kuiamini.

Bodi hiyo, iliyokuwa mikononi mwa wenzake wa chama cha Democratic, ilimpa kura 36,355 dhidi ya 36,198 za Coles Bashford wa chama cha Republican. Ndani ya jumla hiyo mlikuwamo matokeo ya nyongeza, yaliyofika kwa kuchelewa, yakidaiwa kutoka sehemu za mbali ambako wapiga kura hao hawakuwapo kabisa. Tarehe 7 Januari 1856 wakaapishwa magavana wawili: Barstow kwa shangwe mjini Madison, huku wanamgambo wakimlinda, na Bashford kimyakimya mbele ya Jaji Mkuu wa jimbo, Edward Whiton. Shauri lilipofika Mahakama ya Juu ya jimbo, Barstow alishikilia kwamba majaji hawana mamlaka ya kumhoji gavana, lakini mambo yalipomwendea kombo alijiuzulu tarehe 21 Machi, akimwachia kiti naibu wake, Arthur MacArthur, babu yake Jenerali Douglas MacArthur. Majaji hawakubabaishwa na ujanja huo. Waliamua kwa kauli moja kwamba Bashford ndiye aliyeshinda, kwa kura 1,009.

Kwa hiyo, unapoandika juu ya chaguzi za ugavana za karne ya 19, usinukuu hesabu yoyote kabla hujajua nani alikalia kiti hatimaye, na kwa amri ya nani. Wala usimpambe Bashford, kwani baadaye ilibainika kwamba akiwa gavana alipokea hati za dhamana za dola 50,000 kutoka kampuni ya reli iliyokuwa ikitafuta ardhi ya umma. Katika jedwali lako, mwaka 1856 unahitaji majina matatu: Barstow hadi 21 Machi, MacArthur kwa siku nne, kisha Bashford kuanzia 25 Machi.