Kumtamani Mungu Usipomhisi

Shauku ya kuiona nuru ya Mungu na kuuonja upendo wake huwatesa zaidi watu wanaosali kuliko wasiosali kabisa. Asiyemtafuta Mungu hana anachokikosa. Anayeamka alfajiri akapiga magoti ndiye anayejiuliza kwa nini moyo wake umekauka. Nimepitia vipindi virefu vya ukavu huo, na mawazo yaliyonisaidia nayatoa hapa kwa anayepita njia hiyohiyo.

Usiichukulie hamu hiyo kuwa ushahidi kwamba umeachwa. Gregori wa Nisa, askofu wa karne ya 4, alifundisha kwamba kwa kuwa Mungu hana mwisho, anayemkaribia hatosheki, bali kila anapopokea huzidi kutamani. Fundisho hilo lilinituliza kuliko faraja nyingi nilizopewa, kwa sababu lilinionyesha kwamba kutotosheka kunaweza kuwa dalili ya kusogea mbele.

Wengine walikaa gizani muda mrefu mno kuliko sisi. Yohane wa Msalaba, mtawa na mshairi wa Hispania, alifungwa na watawa wa shirika lake mwenyewe mjini Toledo kuanzia mwishoni mwa mwaka 1577 hadi Agosti 1578, na katika chumba kidogo alimofungwa alitunga mashairi ya mapenzi kati ya nafsi na Mungu. Barua za Mama Teresa wa Kolkata, zilizochapishwa mwaka 2007, miaka kumi baada ya kifo chake, zilifunua kwamba kwa sehemu kubwa ya miaka aliyowahudumia maskini hakuhisi uwepo wa Mungu. Wapo waliofadhaishwa na habari hizo. Mimi zilinitia moyo, kwani aliendelea kusali na kuhudumu bila malipo ya hisia.

Katika sala, ninakushauri uazime maneno pale ya kwako yanapokwisha. Zaburi ya 63 ni ya mtu mwenye kiu katika nchi kame, nayo Zaburi ya 88 humlilia Mungu tangu mwanzo na kumalizika gizani, bila ile shukrani ya mwisho tuliyoizoea katika zaburi nyingine za maombolezo. Isome kwa sauti, polepole, wala usijilazimishe kuimaliza kwa furaha usiyokuwa nayo. (Sipendi desturi ya kumhimiza kila mwenye huzuni atoe ushuhuda wa ushindi kabla hajashinda.) Kisha kaa kimya kwa muda mfupi unaoweza kuutunza kila siku, dakika chache zisizokatizwa zimenifaa kuliko mikesha niliyoifanya kwa pupa ya kutafuta msisimko.

Hata hivyo, nuru haitafutwi katika sala pekee. Waraka wa kwanza wa Yohana, unaosema kwamba Mungu ni nuru na pia kwamba Mungu ni upendo, hauyatenganishi mambo hayo mawili: anayemchukia ndugu yake yumo gizani hata akidai yumo nuruni, na ampendaye ndugu yake hukaa katika nuru. Ninapoona giza limezidi, hujiuliza ni nani ninayekwepa kukutana naye, nikamtafuta, nikamsalimu, nikamsikiliza. Hisia tamu hazifuati kila mara, lakini sala ya siku hiyo huwa ya kweli zaidi, maana sitamki neno upendo huku nikiwa nimemfungia mtu mlango.

Mtafute pia kiongozi wa kiroho mwenye busara, asiyeharakisha kusema kwamba umetenda dhambi au una imani haba. Na ukavu ukiandamana na kukosa usingizi, kushindwa kula au kutotaka kuishi, mwone daktari bila kuchelewa na umweleze mtu wa karibu. Huo huenda ni ugonjwa wa sonona, na kuutibu hakupunguzi imani, wala hakukulazimu kuacha kusali.