Maswali ya Takwimu: Z Haijui Ulimhoji Nani

Nimehoji watu 400 Kariakoo, 228 wanapenda mwendokasi kuliko daladala. Naweza kudai ni zaidi ya nusu ya wakazi wa Dar? (Msomaji, Tabata)

Hesabu haina shida. Dai la kuanzia ni 0.5, wewe umepata 0.57. Kosa sanifu, yaani kiasi ambacho sampuli huyumba kwa bahati tu, hutokana na 0.5 ya dai, si 0.57 yako (hapa wengi huteleza): kipeuo cha pili cha 0.5 × 0.5 ÷ 400, yaani 0.025. Gawa 0.07 kwa 0.025, z (umbali wako kutoka kwenye dai, ukipimwa kwa makosa sanifu) ni 2.8. Imepita 1.645, mpaka wa jaribio la upande mmoja (unauliza "zaidi ya nusu" tu) kwa kiwango cha asilimia 5, dai la nusu linakataliwa.

Sasa niambie, ulisimama wapi? Kama ni kituoni Msimbazi, umewauliza abiria wa mwendokasi kama wanapenda mwendokasi. Mama wa Kigamboni anayevuka kwa pantoni hukumuuliza. Kanuni haina macho ya kuliona hilo. Chukua orodha ya mitaa ya Ilala, Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, chagua kwa bahati nasibu, kisha uifuate huko iliko, hata iwe Chanika.

Mimi nimesambaza dodoso kwenye magrupu ya WhatsApp, nina majibu 3,000. Wingi huo si unatosha?

Hautoshi. Mwaka 1936 jarida la Literary Digest la Marekani lilikusanya majibu zaidi ya milioni 2, likatabiri Landon atashinda urais. Roosevelt alichukua majimbo 46 kati ya 48. Sampuli mbovu ukiiongeza unapata ubovu mwingi tu.

Thamani ya p ni 0.03. Kwa hiyo dai lina uwezekano wa asilimia 3 kuwa kweli?

Swali hili tena! Hapana. Ni uwezekano wa kupata matokeo kama yako, au ya mbali zaidi, *endapo* dai ni kweli.

Nina majibu 18, dai ni asilimia 90. Nitumie z?

Dai likiwa kweli, wanaotarajiwa kukataa ni 18 × 0.1, yaani 1.8; inatakiwa angalau 10. Tumia binomia, inayohesabu uwezekano moja kwa moja bila z.

Z yangu ni 1.8. Msimamizi anasema nigeuze jaribio liwe la upande mmoja.

Upande huchaguliwa kabla ya kuona data. Kuhama kutoka 1.96 (mpaka wa pande mbili) kwenda 1.645 baada ya kuona majibu ni udanganyifu, hata akishauri profesa.

Dai halikukataliwa. Niandike ni kweli?

Andika ushahidi haukutosha, na utaje idadi ya uliowahoji. Kwa watu 30, hata 18 wakikubali, huwezi kuikataa nusu.