YouTube kama programu kwenye kompyuta
Dada, umeuliza kama YouTube inaweza kukaa kwenye laptopu kama programu yake, usianze kila mara na kivinjari. Inawezekana. Ifungue kwa Chrome, kisha tazama mwisho wa kisanduku cha anwani, kulia: kuna alama ya kiskrini chenye mshale unaoshuka. Bofya, kubali kusakinisha, itafunguka kwenye dirisha lake. Kwa Edge, anzia vidoti vitatu, utafute sehemu ya programu. Bando linaliwa vilevile. Ila tovuti zinazokupa faili la “YouTube ya kompyuta” achana nazo kabisa, tafadhali! Mama yangu hapa Chumbageni nilimwekea hivi, ikoni ikakaa kwenye upau wa chini. Sasa anajifungulia taarabu zake bila kuniita.