Namba kwenye dodoso haimfichi mtu

SWALI: Shikamoo Daktari. Mimi ni mtafiti msaidizi hapa Mbeya. Naandaa andiko la kuomba ruzuku, nichunguze jinsi wanaume wanaofanya mapenzi na wanaume, pamoja na watu waliobadili jinsia, wanavyopata huduma za VVU kati ya Tunduma na Makambako. Mshauri niliyemlipa anasema kwenye maombi ya kibali niandike "vijana" tu, na kwenye madodoso niweke namba badala ya majina. Usiri utakuwa umekamilika. Je, ni sahihi? Na sasa Wamarekani wamefunga mkono, fedha nizitafute wapi?

JIBU: Marahaba. La fedha nalimaliza upesi. NIH, taasisi ya serikali ya Marekani inayofadhili utafiti wa afya, iliyatambua makundi haya mwaka 2016 kuwa yameachwa nyuma kiafya na yanahitaji utafiti wake. Mwaka 2025 NIH hiyo hiyo ikakatisha ruzuku nyingi za aina hiyo, na USAID nayo ikafungwa. Wapo Wellcome ya Uingereza na EDCTP inayounganisha Ulaya na Afrika, lakini huko utapanga foleni na dunia nzima. Hoja ya kwa nini nyanda zetu unayo tayari: utafiti wa kitaifa wa 2022-23 ulikuta maambukizi ya asilimia 4.4 kwa watu wazima nchi nzima, wakati Njombe ni 12.7, Iringa 11.1 na Mbeya 9.6.

Kinachonikosesha usingizi ni hiyo namba badala ya jina. Kila andiko linalofika mezani kwangu linayo, na kila mwandishi anaamini amemaliza kazi.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kukagua mradi katika mji mmoja wa nyanda hizi. Madodoso yalikuwa safi, namba tupu, yamefungiwa kwenye kabati la chuma. Nikaomba kuona kumbukumbu za fedha. Mhasibu akanishushia faili kutoka rafu iliyo wazi, nyuma ya kiti chake. Ndani mna karatasi za malipo ya nauli: jina kamili, namba ya simu, saini. Juu kabisa, kwa herufi kubwa, limeandikwa jina la kundi linalotafitiwa. Mhasibu hakuwa na kosa, maana mkaguzi wa mfadhili anataka kuona nani kapokea nini. Kosa ni la mtafiti aliyepanga usiri wa dodoso akasahau kwamba posho nayo ina makaratasi yake. Na ukilipa kwa simu ndiyo umezidisha, kwa sababu jina linabaki pia kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu.

Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu, kinachokataza kujamiiana "kinyume na maumbile", kinataja kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Sasa ifikirie karatasi ile ikiwa mikononi mwa mtu mwenye nia mbaya.

Kwa hiyo kabla ya kumwandikia mfadhili yeyote, kaa na mhasibu wako. Mkubaliane kwamba nauli italipwa taslimu, mshiriki ataandikwa kwa namba, na watumishi wawili watasaini kushuhudia. Utaratibu huo uuandike ndani ya andiko, mfadhili aukubali kabla fedha haijatoka. Mkaguzi akija, umpe barua ya makubaliano. Fomu ya ridhaa nayo iangalie vizuri. Mara nyingi saini iliyo pale ndiyo inayobaki kuunganisha jina na utafiti, na kamati ya maadili inaweza kukuruhusu upokee ridhaa ya mdomo ukiiomba kwa hoja.

Halafu lisome dodoso lenyewe. Miaka 34, fundi cherehani, Mwanjelwa, mzaliwa wa Tukuyu, ana watoto wawili, aliwahi kufanya kazi Tunduma. Jina halipo, lakini mteja wake yeyote atamtambua. Uliza umri kwa makundi ya miaka mitano, kazi kwa aina, na mtaa usiuulize kama hutautumia kwenye uchambuzi.

Usije ukadanganywa pia na cheti cha usiri ambacho NIH huwapa watafiti inaowafadhili. Ni kinga ya sheria za Marekani. Kwa takwimu zilizo kwenye kompyuta yako Mbeya, usikitegemee.

Kuhusu kuandika "vijana" tu: usifanye hivyo kabisa. Kamati ya maadili haiwezi kupima hatari ambayo hukuiambia, na kibali kinalinda kile tu kilichoombewa. Siku mshiriki akipata matatizo utakuwa umesimama peke yako, naye atakuwa ameridhia kitu kingine. Kusema kwamba unachunguza huduma za VVU kwa makundi maalumu ni ukweli, na wizara yenyewe hutumia maneno hayo. Ndani ya andiko fafanua ni makundi gani.

Nisemacho sasa si kwako peke yako. Wapo watu wanaouza maandiko kama sare za shule, wanabadilisha jina la wilaya tu. Sehemu ya mbinu wanainakili kutoka tafiti za Dar es Salaam: mshiriki anapewa kuponi tatu akawaalike wenzake, mbinu aliyoieleza Douglas Heckathorn mwaka 1997. Ni mbinu nzuri, nimeitumia mwenyewe. Lakini Dar mtu hushuka kwenye daladala, akaingia ofisini na kuponi yake, na hakuna anayemjua. Mafinga, muuza chipsi wa nje ya geti anamjua yeye, mama yake na kanisa analosali, na baada ya wiki mbili ameshajua pia ofisi ile inaita watu gani. Huyo aliyekuuzia andiko hajawahi kusimama pale getini.