Maswali na Majibu: Bata Wako ni Dume au Jike?

Maswali ya safari hii yanatoka kwa wafugaji wa nyumbani walionunua au kutotolesha vifaranga wa bata na sasa wanataka kujua wepi wabaki bandani na wepi waende sokoni.

Nina vifaranga kumi na wawili weupe wa Pekin, wana umri wa wiki nne. Muuzaji aliniahidi kuwa kumi kati yao ni majike. Nitathibitishaje? (Msomaji, Kibaha)

Kwa umri huo, ndugu yangu, hakuna awezaye kukuthibitishia kwa kuwatazama tu, kwa sababu bata wa Pekin wote ni weupe, midomo yao yote ni ya rangi ya chungwa, na kila kifaranga hulia kwa mlio ule ule mwembamba. Subiri kati ya wiki ya sita na ya nane, sauti inapovunjika. Jike ndiye atakayeanza kutoa ule mlio mzito unaosikika hadi kwa jirani, ilhali dume hubaki na sauti ya chini yenye mikwaruzo, kama ya mtu aliyepwelewa na sauti. Wengi hudhani kinyume chake kwa kuwa wamezoea jogoo, na hivyo huuza majike wao wakiamini wanapunguza madume. Sababu imo mwilini: pale bomba la hewa linapogawanyika kuelekea mapafuni, dume huota uvimbe wa mfupa ulio wazi ndani, na huo ndio unaoibadili sauti yake.

Kundi zima likipiga kelele huwezi kujua nani anasema nini, basi mchukue mmoja mmoja. Zibane mbawa zake taratibu kwa mikono miwili, mlaze kifuani huku miguu yake ikiegemea kiganja chako, kisha tembea naye hatua chache mbali na wenzake. Jike, akiona ametengwa, kwa kawaida hupaza sauti. Dume hukoroma tu. Aliyekwisha kujulikana mfunge uzi wa rangi mguuni, usiobana, na uulegeze kila wiki kwa kuwa mguu wake bado unanenepa. Aliyenyamaza kwa hofu mrudishe, umjaribu tena baada ya siku mbili tatu. Usimkamate bata kwa miguu kama ukamatavyo kuku, maana miguu yake ni dhaifu na huteguka upesi.

Bata wangu wa kienyeji, wale wenye nyama nyekundu usoni, wana miezi minne na hakuna hata mmoja aliyekunja unyoya mkiani. Je, wote ni majike? (Msomaji, Morogoro)

La, na nakuomba usifanye uamuzi wowote kwa alama hiyo. Manyoya mawili hadi manne yanayojikunja juu ya mkia ni alama ya madume wa Pekin na jamaa zake wanaotokana na bata mwitu mwenye kichwa cha kijani, nayo huonekana wakifikia miezi mitatu au minne. Bata wako ni wa jamii nyingine, aina ya Muscovy, ambaye asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na dume wake hakunji unyoya hata akizeeka. Wala kanuni ya sauti niliyoieleza hapo juu haimhusu: dume hutoa pumzi kwa nguvu kama nyoka aliyechokozwa, na jike hutoa mlio laini wa kunung'unika.

Mimi mwenyewe, nilipoanza kufuga, nilimchinja bata wa aina hii nikiamini ni dume kwa sababu tu hakuwa na kelele. Nilipompasua nilikuta kishada cha vijiyai vya njano, vidogo kama mtama na vingine kama choroko, vimeshonana mgongoni kwa ndani. Kosa hilo bado linaniuma.

Kwa bata wako tazama umbo. Dume hukua haraka kumpita jike, na akikomaa uzito wake hukaribia kuwa mara mbili ya wa jike. Kichwa chake ni kipana, miguu ni minene, na vinundu vyekundu vya usoni hutanda zaidi kuzunguka macho na shina la mdomo. Kwa miezi minne, wasimamishe pamoja mbele ya chombo cha chakula, na tofauti utaiona bila kuwashika.

Jirani yangu hubonyeza njia ya haja ya kifaranga wa siku moja na kutaja jinsia yake. Naweza kujifunza kwa kusoma? (Msomaji, Tanga)

Njia hiyo ni ya kweli, kwa sababu bata dume, tofauti na jogoo, ana uume unaoweza kuonekana tangu siku za kwanza. Hata hivyo, kifaranga akibonyezwa vibaya huweza kuumia ndani na asipone tena, kwa hiyo hii ni kazi ya kujifunza mkono kwa mkono kwa mtu aliyeizoea. Mfugaji wa bata kumi hana haraka ya kumhatarisha kifaranga.

Ni kweli mayai yaliyochongoka hutoa madume? (Msomaji, Mombasa)

Si kweli. Katika ndege, jinsia huamuliwa na chembe ya urithi inayotoka kwa mama, na umbo la ganda haliihusu.

Dume wangu wa Pekin alikuwa na unyoya uliojikunja, sasa hana. Amegeuka? (Msomaji, Dodoma)

Hajageuka. Bata hupukutisha manyoya na kuota mengine, na ule uliojikunja huanguka pamoja na mengine kisha hurudi. Msikilize sauti: ile ya mikwaruzo haibadiliki kwa kupukutika manyoya.

Nimegundua nina madume sita na majike sita. Niwaache? (Msomaji, Arusha)

Usiwaache pamoja. Dume mmoja anatosha majike wanne hadi sita, na madume wakizidi humng'ang'ania jike mmoja kwa zamu, wakimshika kisogoni kwa midomo. Wakague majike wako leo jioni: ukiona shingo iliyonyonyoka nyuma au mgongo wenye vidonda, watenge madume siku hiyo hiyo. Bakiza mmoja au wawili walio wazima na wapole, na wengine wanenepeshe kwa nyama katika banda lao peke yao.