Vipokezi na Seli Zinazochuja Damu Katika Figo

SWALI: Nimesoma kwamba seli za kuchujia damu katika figo hutegemea “vipokezi” ili zibaki na afya. Vipokezi hivyo ni nini, na vikiharibika hutokea nini?

JIBU: Kila figo ina vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Juu ya vimishipa vya kila kichujio zimekaa seli ziitwazo podositi, ambazo vijiguu vyake hupishana na vya seli jirani, vikiacha nyufa nyembamba zinazopitisha maji na taka lakini zikizuia protini kubwa kama albumini. Podositi za mtu mzima ni nadra kugawanyika, hivyo ikibanduka moja hutoka na mkojo na pengo lake halizibiki kwa urahisi.

Kipokezi ni protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli, ambayo hunasa molekuli mahususi iliyo nje na kupeleka habari ndani. Hata hivyo, mfano wa kufuli na ufunguo uliozoeleka hautoshi hapa, kwa kuwa baadhi ya vipokezi hivi ni nanga pia: integrini hushikamana na laminini, protini iliyo katika tabaka chini ya seli, na kwa mshiko huo seli haibanduki ingawa figo mbili huchuja takriban lita 180 kila siku. Nefrini, protini nyingine ya podositi ambayo jeni yake ilitambuliwa mwaka 1998 katika utafiti wa ugonjwa wa figo wa kurithi unaopatikana zaidi Ufini, hutanda ndani ya nyufa zenyewe na wakati huohuo huiashiria seli iimarishe kiunzi chake cha ndani kinachoipa umbo.

Kipokezi cha insulini ndicho kinachonivutia zaidi. Panya walioondolewa kipokezi hicho katika podositi peke yake walianza kuvujisha albumini ijapokuwa sukari yao ya damu ilikuwa ya kawaida, jambo linaloonyesha kwamba katika kisukari figo haidhuriwi na wingi wa sukari tu.

Madhara hutokea pia kipokezi kinaposisimuliwa kupita kiasi. Homoni ya anjiotensini, ambayo hupandisha shinikizo la damu, ikizidi kukisisimua kipokezi chake, kalsiamu huingia kwa wingi ndani ya seli, kiunzi huyumba na vijiguu hubapa. Kwa sababu hiyo dawa zinazozuia homoni hiyo hupunguza protini katika mkojo kwa kiasi kisichoelezwa na kushuka kwa shinikizo la damu pekee, na daktari anaweza kumwandikia hata mgonjwa ambaye shinikizo lake halijapanda.